Nani Alitangulia Kwenye Rumba

Kwa dada yangu Wanja, Gachoka,

Kuanzia Nkubu mpaka huku Meru mjini, hakuna kiuno kinachojua rumba kama changu. Hayo si majivuno, ni habari. Hujambo wewe? Mgongo wa Mama umepoa? Na ndengu mmeanika, ama mnaningoja mimi nije niwaonyeshe? Mimi ni mzima kama jogoo wa padre.

Mchana nabeba magunia ya vitunguu soko la Gakoromone, jioni niko kwa Mwalimu Kinoti, anayefundisha dansi za mashindano kwa ukumbi ulio juu ya duka la mbegu. Rumba yake si ile ya Mjomba akilewa. Hapa mdundo wa moja ukilia, mguu haukanyagi. Unangoja, kiuno kinamalizia, halafu unatoka kwa mbili. "Mbili, tatu, nne... ngoja!" Mwalimu anaimba hivyo kama mtu anayeita mbuzi.

Sasa sikia. Hoteli moja ilitaka jozi ya kucheza kila Jumamosi. Kazi ya kudumu, Wanja! Magunia kwaheri! Mimi na Kendi, msichana ninayecheza naye, tulijua ni yetu. Lakini siku ya kuchaguliwa nikamkuta kwa ngazi akinong'onezana na Mutuma, mpinzani wetu.

"Mnapanga nini?"

"Tunakuuza kwa bei ya vitunguu," Kendi akacheka.

Unaona? Mtu hutania na ukweli wake. Tena viatu vyangu nilikuta vimesogezwa.

Tukaingia. Kila nikitoka, Kendi amechelewa. Namvuta, amesimama kama nguzo ya stima. Meneja wa hoteli akatikisa kichwa, akachukua Mutuma na mwenzake. Nikamgeukia Kendi mbele ya watu wote: "Mutuma amekupa nini ndio unicheleweshe?" Alivua viatu, akavifunga kwa leso, akashuka ngazi. Hajarudi darasani mpaka leo.

Mimi nami si mjinga. Nikaomba simu ya Mwalimu, maana alikuwa ameturekodi, nitafute ushahidi.

Salimia Mama, na Baba huko akitafuna majani yake ya muguka, na Shosho, umwambie bado sijaoa Mmeru. Katekista mwambie sijasahau kucheza.

Na hapo ndipo penye shida, dada. Ni wewe uliyenifundisha kucheza tukipeleka sadaka altareni, mimi na mkungu wa ndizi kichwani. Ngoma ikilia moja, mguu chini. "Ukichelewa umemchelewesha Mungu," ulikuwa ukinifinya. Hiyo video nimeiangalia mara tano nikimvizia Kendi achelewe. Hakuchelewa hata mara moja. Mutuma naye anasema pale kwa ngazi Kendi alikuwa akimuuliza atanizuia vipi nisitangulie, bila kuniaibisha.

Mguu uliokuwa ukikanyaga kwa moja ni wangu. Kwa kina Kendi napajua, ni hapo nyuma ya soko, napita kila siku na gunia. Na bado sijamwambia.

Ndugu yako,
Mugendi