Niliandika "Amepona", Kigazeti Kikasema "Ameposa"

Mshauri wangu mpendwa, nakusalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu, nami nakuomba unisaidie kabla hiki kigazeti hakijanizika. Mimi ni mama wa makamo, shule sikufika mbali, lakini hapa kwetu, nyumba ishirini ndani ya geti moja, walinichagua niandike habari za majirani kila mwezi, karatasi mbili tu, eti nina mwandiko mzuri, na tangu siku hiyo sijaonja amani, maana kila mtu anataka tangazo lake likae juu, kuandika hawaandiki, ila kosa wanaliona hata gizani.

Mwezi uliopita fundi saa wa nyumba namba saba alitoka hospitali, nikafurahi, nikaandika, "Tunamshukuru Mungu, fundi saa wetu amepona, na shukrani zimwendee muuguzi wa namba tatu aliyekuwa naye bega kwa bega." Kikatoka, kikapitishwa chini ya milango yote: "fundi saa wetu ameposa". Ameposa, mshauri! Mtu ana mke, ana wajukuu!

Huyo mkewe ni shoga yangu, miaka kumi na moja tunasali pamoja. Alinijia mlangoni na karatasi mkononi, "Shoga, posa imepelekwa lini, mbona sikualikwa?" Nikadhani utani, nikacheka. Kesho yake akafungasha akaenda kwa dada yake, wiki ya tatu hii, simu zangu hapokei. Muuguzi naye hapiti bila kupigiwa vigelegele, na juzi fundi alinisimamisha bombani, "Shemeji, umenipa mke nisiyemtaka, umeniondolea ninayemtaka. Mwenzio napika chai mpaka inaungua!"

Sasa nikutolee la moyoni. Nilipobanwa nilisema kosa ni la mchapaji, yule dada wa duka la fotokopi nje ya geti, watu wakamsema mpaka wengine wakaacha kumpelekea kazi, na ukweli ni kwamba aliniletea nakala ya kwanza nisome, nikaipitishia macho huku nakoroga mboga, nikaandika "sawa" na kutia sahihi. Ile nakala anayo. Hajamwonyesha mtu. Ananiambia tu, "Shikamoo, mama," na shikamoo hiyo inanichoma kuliko tusi. Nimetubu, nimefunga siku mbili, moyo hautulii. Nijiuzulu, nisahihishe, au ninyamaze yapite?

Mama wa Kigazeti

*

Mama wa Kigazeti, pole. Nimecheka, nikaona haya kucheka, kisha nikakasirika. Herufi moja haikumtoa shoga yako nyumbani kwake. Alikuja kukuuliza jambo linalomuuma, ukamcheka usoni. Unasema yapite? Yapite juu ya migongo ya nani? Mke yuko kwa dada yake, muuguzi anazomewa, mchapaji anakosa wateja, na wewe unafunga! Mungu amekusikia, mama. Hao watatu bado hawajakusikia. Na kujiuzulu sasa ni kukimbia, usijidanganye kwamba ni unyenyekevu.

Leo hii nenda dukani kwa mchapaji. Usimvutie pembeni, mwambie mbele ya wateja wake kwamba kosa ni lako na ulimsingizia. Kisha mwombe ile nakala yenye sahihi yako, ukibahatika akupe, uende nayo kwa shoga yako. Kwa miguu yako, si kwa simu. Usianze na mahubiri, anza na "nilikucheka, nisamehe". Akikufungia mlango, rudi kesho. Fundi usiongozane naye. Akamtafute mkewe mwenyewe, na habari za chai aziache huko huko.

Toleo lijalo, juu kabisa, hata kama mwenye tangazo atanuna, andika: "Fundi saa amepona. Hajaposa. Kosa ni langu, si la mchapaji." Basi. Muuguzi kamwombe radhi mlangoni kwake, ila kigazetini usimtaje, hata kwa sifa.

Lakini kabla hujachapa hata nakala moja, mpelekee shoga yako maneno hayo ayasome. Ndiye aliyehama nyumba kwa ajili ya neno lako. Akitaka lolote libadilike, badilisha, wala usibishe.