Sala Fupi ya Rubondo

Mjukuu wangu Daudi,

Hili sijamwambia mtu: naogopa kuomba kwa sauti. Hapa nyumbani wote wazima, na mbuzi wetu amezaa mapacha. Usicheke nikikuita mjukuu; bado ni mwanafunzi, lakini kwa ukoo mimi ni babu yako.

Unauliza wewe, mmisionari wa kujitolea, utawafaaje Wabrazili waliokumbwa na mafuriko, na lugha yao huijui. Maji yalipoingia hapa Rubondo, kanisa lilinituma kumwombea jirani yetu, Mama Neema. Nilisimama kwenye matope sebuleni mwake, nikafumba macho.

“Mutoto, unaomba ao unasinzia?” akaniuliza.

Nikashika ndoo. Tulitoa matope hadi sakafu ikaonekana, ndipo akaomba yeye: “Mungu, asanti kwa huyu wa maneno kidogo. Umutume tena kesho.”

Nikasema amina kwa nguvu. Kesho yake nilirudi na ndoo yetu kubwa.