Meno ya Kwenda Bungoma

Nakuru, 3 Mei 1987

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi, nikitumaini barua hii itakukuta wewe na Mama mkiwa wazima kama mimi nilivyo huku. Sukari yako inaendeleaje? Usinijibu "sawa tu" kama kawaida yako.

Watu wa Joram wamekubali harusi yetu iwe Desemba, kanisani kwao Bungoma. Wewe ndiwe utakayenishika mkono kuniingiza. Sasa nina ombi, Baba, na usikasirike. Mzee Wakoli, babake Joram, ni mtu wa mzaha. Kila nikienda kwao huniuliza kama ni kweli Wajaluo hung'olewa meno ya chini ndipo waitwe wanaume. Mimi hucheka nao, lakini moyoni natamani ardhi inimeze. Na Mama anasema sasa hata meno yako ya juu yamelegea, na ufizi unatoa damu ukila ugali. Si uende kwa daktari wa meno akutengenezee ya bandia, juu na chini? Picha za harusi zitakaa ukutani kwetu maisha yote.

Binti yako,
Aoko

Kondele, Kisumu, 20 Juni 1987

Nyara Aoko, binti yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni mzima, Mama yako ni mzima, na yule jogoo wa jirani anayetunyima usingizi pia ni mzima, kwa bahati mbaya.

Mwambie Wakoli yale sita ya chini nilitolewa nikiwa kijana, kwa chuma, na sikutoa hata chozi. Isitoshe, ni katika pengo hilo ndipo ulimi wangu hupita nikipiga mluzi. Umesahau? Nikifunga kibanda changu cha kutengeneza baiskeli pale sokoni Kibuye nilikuwa nakupigia, nawe unaacha michezo unakuja mbio. Lakini umesema, na nimesikia.

Nilienda hospitali. Daktari wa meno ni msichana wa rika lako, anaitwa Elsie. Alibonyeza ufizi, ukatoka damu na usaha, akanigombeza kama mtoto. Ati sukari ikiwa juu, ufizi unaoza polepole. Na ufizi ukioza, sukari nayo inakataa kushuka. Nisafishe asubuhi na usiku kwa mswaki laini, niache kusugua kwa kijiti hadi damu, nisiruke dawa, na nirudi kliniki anitoe uchafu ulioganda chini ya ufizi. Kung'oa hataki. Anasema mengine yanaweza kupona, na yasiyopona yangoje sukari ishuke, kwa sababu kidonda cha mtu wa sukari hakifungi upesi. Meno ya bandia, labda mwakani.

Mwakani si Desemba, nyara. Nifanyeje?

Baba yako

Nakuru, 12 Julai 1987

Baba mpendwa,

Natumai u mzima, na Mama pia. Mimi sijambo, ila mbio za harusi zinanimaliza.

Kweli huyo daktari hana njia ya haraka? Uliza mwingine. Na kama haiwezekani kabisa, basi kwenye picha utafunga mdomo tu.

Ni mimi,
Aoko

Kondele, Kisumu, 1 Desemba 1987

Nyara Aoko,

Salamu. Nina homa kidogo, si ya kukutia wasiwasi. Baba yako mdogo Zadock ndiye atakayekushika mkono. Mungu abariki siku yenu.

Baba yako

Nakuru, 10 Januari 1988

Baba,

Leo siulizi hali, maana hali yako nimeiona kwa macho yangu.

Mama amenieleza yote. Kumbe mwezi wa tisa ulienda kwa Mzee Dalmas, mtoto wa yule aliyekutoa yale sita, ambaye bado anatunza chuma cha babake. Akakung'oa ya juu yaliyolegea. Ulidhani kwa vile kile kidonda cha ujana kilipona chenyewe, na hiki kitapona. Uso ukavimba, ukaendelea kuficha, hadi Elsie alipolazimika kukata kipande cha mfupa wa taya. Na ulimkataza kila mtu kuniambia, nisije nikaharibiwa harusi.

Niliposimama kando ya kitanda chako, uliinua mkono ukafunika mdomo. Mbele yangu mimi, mtoto wako! Nimeolewa majuzi, na kila usiku nalia kwa ajili ya mkono ule.

Picha zimetoka. Mzee Wakoli amecheka mdomo wazi, na hapo mbele hana meno mawili. Sikuwahi kuliona pengo hilo, kwa sababu sikuwahi kuutazama mdomo wake. Siku ya harusi alikuwa akiuliza, "Yuko wapi yule baba wa mluzi?" Joram alikuwa amemsimulia.

Nisamehe, Baba.

Aoko wako

Kondele, Kisumu, 6 Machi 1988

Nyara Aoko,

Salamu kwako na kwa mume wako. Kidonda kimefunga. Sukari imeshuka, kwa woga nadhani. Yale machache yaliyobaki nayasafisha kwa kamswaki laini kama ka mtoto, asubuhi na usiku, na kliniki siruki. Ningefanya hivyo Juni, ningekuwa na meno. Ya bandia nimeambiwa hayatashika vizuri, mfupa hautoshi.

Usijibebeshe yote. Nilikuwa mtu mzima, daktari alisema, nikaamua kutosikia. Lakini sitakudanganya: barua yako iliniuma kuliko chuma cha Dalmas. Nilitaka tu usione haya kutembea nami.

Jana wakati wa kufunga kibanda nilijaribu kupiga mluzi. Ulitoka upepo mtupu. Mama yako, aliyekuwa amenipitia, alijifanya anafunga mzigo, kana kwamba hakusikia.

Mkija Pasaka, piteni kwanza Kibuye. Mimi hukaa nikiangalia gurudumu, mgongo kwa barabara, na soko lina kelele. Usisimame nyuma yangu ukilia. Nipigie wewe mluzi, ule wetu. Nilipokufundisha ulikataa, ukasema si wa wasichana. Jaribu sasa. Hata ukitoka vibaya, nitageuka.

Baba yako