Nyigu Wasiotaga

Jumatatu, 8 Machi 1999
Nyakiriba tena, kwa miguu. Mvua. Majani ya maharagwe ya mkulima wangu Imakule yamejaa michirizi myeupe. Funza wako humo ndani ya jani, wanachimba na kula. Nyigu niliowaachilia wiki iliyopita wapo, wadogo kama punje za ulezi. Wanawadunga funza. Nikapasua majani kutafuta mayai yao, maana watoto wao ndio wa kuwala funza. Karibu hakuna. Jasho lote hili kwa nyigu tasa!

Jumatano, 10 Machi
Mkuu wangu kapiga simu kutoka Kigali. Anataka mayai. Bila mayai, mradi unafungwa. Nikabaki "ndiyo mzee, ndiyo mzee". Naichukia sauti yangu.

Ijumaa, 12 Machi
Imakule alinisubiri shambani. Mjane, shamba lake ndilo hilo tu. Jirani yake anapulizia dawa. Yeye nilimkataza, nyigu wasife.
"Mi nilichoka, agronomu. Hii maharage ikikufa, batoto batakula nini?"
Mimi, bwana shamba wake, nikamwomba wiki moja. Nimerudi na tope mpaka magotini na hasira isiyo na wa kumpa.

Jumanne, 16 Machi
Chumbani kwangu Nengo, lenzi jichoni tangu asubuhi. Jani moja, nyigu mmoja. Akamdunga funza. Hakutaga. Akageuka, akaweka mdomo penye tundu, akanywa. Akanywa mpaka funza akanywea.
Mjinga mimi! Anawaua kwa kuwala. Atataga akishashiba. Nilikuwa nahesabu mayai, wala sikuhesabu maiti.
Kesho alfajiri, Nyakiriba.

Jumatano, 17 Machi
Harufu ya dawa niliipata kabla sijafika. Imakule kaazima bomba la jirani. Nyigu chali kila mahali. Funza, ndani ya majani yao, wengi bado wazima.
Nilimfokea. Aliniangalia tu, bomba mgongoni.
"Njaa haingojaka."
Nilitaka kulia, mtu mzima.

Jumapili, 21 Machi
Imakule kaja Nengo baada ya misa, na kitenge chake cha kanisani. Sikumtarajia. Anasema safu za chini hazikupata dawa, iliisha.
Nina chupa mbili za nyigu bado. Nikamweleza nilichokiona, nikamweka nyigu mmoja kwenye jani lenye funza, nikampa lenzi. Akainama juu ya jani. Nikadhani hajaona kitu. Kisha nikamsikia akimnong'oneza nyigu, kama anayembembeleza mgonjwa:
"Kunywa, mama. Kunywa."