Kopo la Mafuta ya Emu Nililolificha Kwenye Nepi

Shangazi Verna mpendwa, msaada wako nauomba huku mtoto amenilalia begani na ninaandika kwa mkono mmoja, kwa hiyo mwandiko unisamehe, na jina langu halisi usilitaje, maana hapa Tallgarra hata mbwa wanajuana kwa ukoo.

Mama yangu alifariki wakati wa joto, kule mjini alikohamishiwa kwa ajili ya mashine ya figo, mbali na sisi sote, na jina lake silitaji, maana kwetu jina la aliyekufa halitamkwi. Alikuwa ndiye mtengeneza mafuta wa familia yetu. Wajomba wakirudi na emu, yule ndege mkubwa asiyeruka, nyama ilikuwa ya watu wote lakini ngozi na mafuta ya mgongoni yalikuwa yake, aliyatundika juani juu ya karai yachuruzike taratibu, akayachuja kwa kipande cha shuka kuukuu, na ole wako uguse au useme yapashwe motoni yaishe upesi, alisema moto unayachosha. Mafuta yake yalikuwa meupe kama maziwa yenye njano kidogo na hayakunuka kabisa. Wazee walipaka magoti, sisi wasichana tulipaka uso. Asubuhi za baridi alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anayekagua tairi, akanipaka mashavu na paji, akasema, "Uso usipasuke kama bwawa lililokauka, watu watadhani huna mama."

Nilikuwa na mimba ya Tahnee alipoondoka. Kwenye simu kila mara alisema, "Huyo msimpake makorokoro ya dukani, nikirudi nitampaka mwenyewe." Hakurudi, Shangazi. Zilirudi nguo zake kwenye mfuko wa plastiki, na katikati ya nguo kulikuwa na kopo lake la mafuta, limebaki nusu, na kwa kuwa mafuta yalikuwa yameganda, juu yake kulikuwa na alama ya vidole vyake viwili, mahali alipochota mara ya mwisho.

Baada ya mazishi Mama Mkubwa Noreen, dada wa marehemu mama, ndiye aliyesimamia kuisafisha nyumba kama inavyopasa, kila alichokishika marehemu kikaondolewa, vingine vikachomwa, vingine wakapewa watu wa mbali, kisha tukachoma majani mabichi na moshi ukapitishwa kila chumba ili naye apate njia ya kwenda. Mama Mkubwa akasimama mlangoni, macho mekundu, akatuuliza mmoja mmoja, "Kuna kilichobaki?" Akafika kwangu. Nikasema, "Hakuna, Mama." Kopo lilikuwa chini ya nepi za mtoto, ndani ya boksi nililokuwa nimelikalia.

Mwanzoni sikuligusa, nilikuwa nafungua tu naangalia ile alama. Halafu baridi ikaingia, upepo wa huku unaujua, mashavu yakaanza kunipasuka, na mafuta mapya hayapo kwa sababu wajomba walisema emu asiwindwe mwaka huu kwa heshima ya aliyekuwa akiyatengeneza, basi nikaanza kujipaka asubuhi kidogokidogo, nikichota pembeni ili vidole vyake nisiviharibu. Uso ukalainika. Mama Mkubwa ananitazama juu ya kikombe cha chai ananiambia, "Mwanangu, huzuni gani hiyo inayonawirisha mashavu? Sisi wengine tumekunjamana kama viatu vya marehemu baba." Watu wakacheka, nami nikacheka, moyo unanipiga mpaka kwenye meno.

Tahnee naye akaanza kupasuka mashavu. Krimu ya zahanati ikimgusa analia mpaka anakauka sauti. Nikasema moyoni, si bibi yake aliahidi kumpaka? Nikampaka. Siku za kwanza kama yalimsaidia. Kisha siku moja nikaliacha kopo karibu na jiko la kuni, niliporudi mafuta yote yalikuwa maji na alama ya vidole haipo. Nililia Shangazi, nililia kuliko makaburini, na tangu hapo nayapaka zaidi, asubuhi na jioni, mimi na mtoto, sijui hata kueleza kwa nini.

Sasa yananuka. Binamu yangu Shonelle aliingia ndani akaziba pua, "Nani kaacha kopo la rangi wazi humu? Au ndiyo manukato ya mumeo Curtis akirudi kutoka mgodini?" Nikamwambia ni nepi. Uso wangu umeota vipele kuanzia masikioni mpaka kidevuni, wangu sijali, lakini mashavu ya Tahnee yamekuwa mekundu, yamevimba, yanatoa maji, na usiku anayasugua kwenye shuka mpaka damu.

Mama Mkubwa ndiye mwenye gari, akatupeleka zahanati pamoja na Shonelle, akakaa pale pale amempakata mtoto. Nesi ni mgeni, ametoka mjini majuzi, akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akauliza, "Unampaka nini?" Ningesema mafuta ya emu, Mama Mkubwa angejua mara moja ni ya nani, mwaka huu hakuna mwingine aliyetengeneza. Nikasema, "Maji tu." Akauliza tena. "Maji tu, dada." Nesi akasema dawa hii nimtumie, lakini kwa hali ile na majibu yale inabidi awaarifu watu wa ustawi wa watoto, watakuja kutuona nyumbani Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Mama Mkubwa akanyanyuka na mtoto. Njia nzima alimshika mtoto kwa nguvu, kwenye gari yake mwenyewe akamwambia Shonelle aendeshe, na tulipofika akasema kimoja tu: "Mama yetu, watu wa serikali walimchukua akiwa na umri kama wa huyu."

Curtis yuko mgodini, kwenye simu anasema, "Waambie tu ukweli, mke wangu," hajui ukweli wenyewe ni upi. Nikisema ukweli, ukoo mzima utajua nilimzuilia mama yangu njia na nikampaka mtoto kilichobaki cha maiti, na wengine watasema ndiyo maana anaumwa, na mimi mwenyewe kuna saa naamini. Nikinyamaza, wanaweza kumchukua Tahnee wangu. Na kopo siwezi kulitupa, nimejaribu, nilifika nalo mpaka kwenye pipa nikarudi nalo. Nifanye nini Shangazi, nimechoka, hata kulia nalia nimesimama.

Mwenye Kopo, Tallgarra

*

Mwenye Kopo,

Weka gazeti hili chini kwanza, kamnawishe mtoto uso kwa maji ya uvuguvugu, umkaushe kwa kitambaa laini bila kumsugua, umpe dawa ya nesi kama ulivyoelekezwa, halafu rudi usome. Nitakungoja.

Barua yako na jibu hili nimeshavisoma redioni kabla ya gazeti kuchapwa, maana Alhamisi haina kawaida ya kusubiri mhariri. Majina yote nimeyabadili, ya watu na ya mji, na la marehemu halimo.

Pole, mwanangu. Umezaa bila mama, umezika bila kumuaga, na unalea peke yako na mume yuko shimoni. Mimi nina wawili wadogo, mmoja ananivuta sketi ninapokuandikia, na ninao mama yangu wa kuniambia nenda kalale kidogo. Wewe huna. Sikulaumu kwa kulificha lile kopo. Mtu aliyerudishiwa mama yake kwenye mfuko wa plastiki hawezi kuulizwa mlangoni "kuna kilichobaki?" akawa na akili ya kujibu sawasawa.

Ila kwa mengine utanisikiliza. Mafuta ya emu hayana kosa. Napaka magotini, mama yangu anapaka usoni mpaka leo. Lakini ni mafuta ya mnyama, na mafuta ya mnyama huharibika, hasa yakiyeyushwa na kugandishwa na kuyeyushwa. Marehemu angeyanusa mara moja akakuchapa kwa kile kitambaa cha kuchujia. Yakinuka kama rangi ya nyumba, hayo si dawa tena. Pua ya Shonelle ilikuambia, vipele vyako vikakuambia, mashavu ya mtoto yakakuambia, wewe ukaongeza asubuhi na jioni! Uso wa mtoto si mahali pa kumhifadhia marehemu, binti. Yeye bado anautumia.

Na alama ya vidole haipo. Umeandika mwenyewe. Unachokilinda sasa ni mafuta yaliyooza.

Unajiuliza kama ndiyo yanayomuumiza. Ndiyo, naona ndiyo, kwa sababu yameharibika. Habari ya kwamba marehemu amekasirika usiibebe. Kuhusu njia yake ya kwenda siwezi kukujibu mimi, hiyo ni ya wakubwa wa familia yenu, na mkubwa wako unaye, ana gari, na anakunywa chai nyumbani kwako.

Kwa hiyo kesho asubuhi unakwenda kwa Mama Mkubwa kabla hajaja yeye. Usianze na maelezo. Mwekee kopo mapajani, basi. Atalijua. Atapiga kelele, na mwache apige. Atakuita jina baya, na utaitika. Umesahau jambo moja katika barua yako yote ndefu: aliyekufa alikuwa mama yako, lakini alikuwa mdogo wake. Yeye alichoma kila kitu kwa mikono yake ili wewe usibaki na mzigo, hakubakisha hata kitambaa cha kichwa, na wewe ulikuwa na vidole vya ndugu yake chini ya nepi, ukavitazama peke yako. Hilo ndilo litakalomuuma. Mwombe radhi kwa hilo.

Na wewe, Mama Mkubwa, kama unasikia hapa na umeijua nyumba yako. Binti yako aliyesema "maji tu" alikuwa anakuogopa wewe kuliko ustawi. Hilo nalo likae nawe kidogo. Halafu mfungulie mlango.

Kopo lichomwe, binti, na Mama Mkubwa achague mahali. Mafuta yale huwaka muda mrefu, simameni upande unakotoka upepo, mtoto asivute moshi. Usibakize kidogo "cha kumbukumbu." Nakujua.

Siku hiyo hiyo, msingoje, mwende zahanati wote wawili. Mwulize mama wa kwetu anayefanya kazi pale, yule wa kuwasindikiza wagonjwa, akae nanyi ndani. Mwambie nesi: nilimpaka mafuta ya emu ya familia, yaliharibika, nimeacha, nilificha kwa sababu ya msiba. Mwambie aandike hivyo hivyo, na akusomee alichoandika. Piga simu kwa wanasheria wa jamii yetu pia kabla ya Alhamisi, ni bure, na usiseme utawasumbua.

Emu wa kutengeneza mafuta mengine atapatikana wajomba watakapofungua uwindaji, si kabla. Siku hiyo mwombe Mama Mkubwa akufundishe. Mtayatundika juani na hamtayaharakisha.

Sikuahidi kwamba hawatakuja. Watakuja, na katika nyumba zetu sisi wenyeji wa asili tunajua kuna walioingia wakiwa na maneno mazuri wakatoka na watoto. Kwa hiyo wasikukute peke yako. Wamkute Mama Mkubwa mezani na Tahnee mapajani mwake, Shonelle jikoni na mdomo wake, Curtis kwenye simu, na karatasi ya zahanati iko mezani.

Marehemu alikwambia uso ukipasuka watu watadhani huna mama. Alhamisi wanakuja watu ambao wanalipwa kudhani hivyo. Watakuuliza unampaka nini huyu mtoto. Safari hii jibu.

Shangazi Verna