Watu Thelathini na Mmoja wa Tolliver

Kwa dada yangu mpendwa Loretta,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu baada ya ile sindano. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio unaoumwa. Shemeji Hoyt mwambie matunda yake ya pichi aliyoyahifadhi kwenye chupa yalifika salama.

Umeniuliza mara mbili kwa nini sikuja mahakamani siku mwanao Colby alipohukumiwa miaka minane. Nilikujibu kwamba kazi zilinibana. Ni kweli, ila si kweli yote. Nimeona heri niandike, maana kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata kisingizio cha kunyamaza.

Kazi yangu hapa makao makuu ya jimbo unaijua: bajeti za mahakama na magereza hupita mezani kwangu kabla wabunge hawajaziona. Mwaka huu fedha zilikuwa haba, lakini gereza jipya la kaskazini halikuguswa, kwani hakuna mbunge anayetaka kuitwa rafiki wa wezi. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Hutchens, alitukusanya akatuambia, “Jamani, hadithi za huruma pelekeni kanisani. Mimi nitafutieni ofisi zilizobaki na chenji mfukoni.” Hapa kwetu, asiyemaliza fungu lake la fedha kufikia Juni huhesabiwa kwamba hakulihitaji. Wajanja wanalijua hilo, ndiyo maana kila Mei ofisi zinajaa viti vipya.

Bi Pruitt wa huko kwenu Tolliver si mjanja. Ndiye aliyesimamia ule mpango wa mahakama wa kuwapeleka waraibu wa dawa za kulevya kwenye matibabu badala ya gerezani. Mshauri wake mmoja aliacha kazi, ikachukua miezi saba kumpata mwingine, na mshahara wa miezi hiyo mama wa watu akaurudisha hazina. Mimi nikauona, nikapendekeza mpango ufungwe. Alinipigia simu akilia: “We binti, nimebana matumizi kama mlivyotuambia, ndo mnanichinja?” Akasema wapo watu thelathini na mmoja wanaongoja nafasi, na wakiikosa ni jela moja kwa moja. Nikamjibu kwa sauti ya kiofisi kwamba anitumie orodha.

Mpango ulifungwa Julai mosi. Agosti Colby akasimamishwa mbele ya jaji, naye jaji hakuwa na pengine pa kumpeleka. Tangu siku ile wewe unamlaani jaji, na Hoyt anamlaani wakili. Waacheni, dada. Hawana kosa.

Orodha ile ilifika kabla pendekezo langu halijaenda kwa kamati, Loretta. Niliisoma. Jina la Colby lilikuwa la kumi na tisa, na kando yake tarehe ya kuzaliwa, siku niliyokushika mkono hospitalini mpaka ukajifungua. Sisi wachambuzi wa bajeti hutia saini fomu kwamba hatuna ndugu anayeguswa na fungu tunalolitolea pendekezo. Aliye naye humkabidhi mwenzake faili na kueleza sababu. Mwenzangu Ruthanne angelichukua faili lile, na Ruthanne ana moyo laini. Huenda angeuacha mpango uishi. Lakini ningelazimika kusema mbele ya ofisi nzima kwamba mtoto wa dada yangu anatumia dawa za kulevya. Niliona aibu. Nikaandika kwamba sina ndugu, nikatia saini.

Kamati imeniita Jumanne ijayo nieleze kama kufungwa kwa mpango kumemuumiza mtu. Bwana Hutchens amenidokeza jibu analolitaka. Mimi nitawaambia haya niliyokuandikia, na kazi itaniponyoka, najua. Sikutaka uyasikie kwa majirani.

Msalimie Hoyt, uwasalimie na wa kanisani wanaoniulizia. Colby usimpe salamu zangu bado. Jumapili ukienda kumwona, msomee kwanza barua hii. Baada ya hapo, akizitaka, mpe.

Mdogo wako,
Maxine