Kabuli ya Watu Watatu

Jumamosi, Oktoba. Ibra. Hewa imepoa.

Leo asubuhi, nikitoka Nizwa, nimezima kiyoyozi cha gari kwa mara ya kwanza tangu joto lianze, nikafungua vioo vyote. Asiyeishi Omani hawezi kuielewa furaha hiyo, na mimi leo sina nguvu ya kumweleza.

Kila mwaka hewa ikigeuka hivi, Baba alikuwa akinipigia simu. Haniulizi hali, haniulizi kazi. Anasema tu, "Nguru karudi." Maana yake miezi ya marufuku ya kumvua nguru imekwisha, na sisi watatu, yeye, Mama na mimi, tunakwenda Sur kumla mkahawani.

Mwaka huu simu haikulia. Baba alifariki kabla ya Ramadhani.

Nimempitia Mama hapa Ibra. Tangu atoke eda, haendi popote ila kwa jirani, na kula kwake ni kuchezea chakula: matonge mawili, khalas, ameshiba. Amekonda hadi bangili zinamvuka mkononi. Naogopa. Nimeshamzika mmoja mwaka huu. Nikajiambia nikimlisha nguru wa Sur atarudi kuwa yeye. Sasa najicheka, lakini asubuhi niliiamini kabisa dawa yangu.

Sur tukaingia mkahawa uleule, chumba kilekile cha familia, chenye pazia na mkeka. Mhudumu akauliza kwa Kiarabu tuko nafari wangapi, kwa kuwa kabuli, ule wali wa viungo, pale hupakuliwa kwa kuhesabu walaji. Nikamjibu haraka kama nilivyozoea.

Watatu.

Sinia likaja. Wali wa watu watatu, vipande vitatu vya nguru, glasi tatu za laban, maziwa ya mgando. Mama akalitazama sinia, mimi nikalitazama pazia. Saa ile Baba angekuwa ameshakunja mikono ya kanzu, anachambua miiba, anamsogezea Mama minofu upande wake kabla hajatia tonge lake mwenyewe mdomoni.

Nikaanza kuchambua mimi. Vidole vyangu si vyake, samaki akasagika. Nikamsogezea Mama nikambembeleza ale, huyu ndiye nguru wake.

Akakirudisha kile kirundo upande wangu.

"Mwanangu," akasema, "mie nguru simpendi. Tangu mdogo simpendi."

Nikalirudisha tonge langu siniani.

"Babaako alikuwa akifurahi kunichambulia, na mie nikipenda kumuona vile. Basi nikala."

Miaka yote hiyo! Nikalia palepale mkekani, mtu mzima mimi. Mama akanipangusa kwa ncha ya shela yake, kisha akamwambia mhudumu atufungie chakula, tukakiacha kwa wafanyakazi waliokuwa wakipumzika nje.

Njiani nikamuuliza, basi unapenda nini? Aibu ilinishika kuliuliza swali hilo kwa umri wangu huu. Namjua Mama kwa alivyotupikia. Alichokitamani yeye sikuwahi kukifikiria. Tulikuwa tumeshapita njia panda ya Jalan aliponijibu.

"Muhogo wa nazi," akasema. "Na papa mkavu wa kuchoma. Lakini babaako harufu ya papa alikuwa haiwezi, akashindwa hata kukaa ndani. Nikaacha kupika."

Papa tulimpata sokoni Ibra bila taabu. Muhogo tuliupata wa barafu, kwenye friji ya duka kubwa la barabarani. Mama aliupika mwenyewe, akanifukuza jikoni kwa kuwa nilikuwa nakoroga nazi vibaya. Miezi sijamsikia akinigombeza. Nilisikia raha.

Alikula sahani nzima. Akaongeza. Akaramba vidole.

Naandika haya nikiwa chumba cha pili, nyumba nzima inanuka papa, mpaka mapazia, mpaka nywele zangu. Nilikuwa nataka siku nyingi kumuona Mama akila hivi, na leo nimemuona. Nashukuru. Lakini alipokuwa akila, nilijikuta naangalia mlango. Nilimtaka Baba aingie ameziba pua, atugombeze sote wawili, aseme nyumba hii haikaliki.